UZI: Mvuvi wa usiku Kigoma na usingizi wa mchana. Mwili unajitengeneza saa ngapi, na nini kinauharibu?

Karabai_Mwaloni (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeulenga kwa wanaovua dagaa na migebuka usiku, Kibirizi, Katonga, Ujiji na mialo yote (sehemu za kutua mitumbwi) ya chini huko. Lakini mlinzi, nesi wa zamu na dereva wa lori nao watapata chao.

Hoja yangu ni moja. Usingizi wa mchana ni sehemu ya kazi ya usiku, na unatakiwa upangiwe saa zake kama kazi nyingine yoyote. Mtu akirudi asubuhi, akauza, akapiga stori mwaloni hadi saa 5, akajibwaga kidogo juani kisha jioni akarudi majini, misuli anayovutia wavu haijapata muda wa kujengwa upya.

Mwili unafanya nini tukilala? Usingizi huenda kwa mizunguko, kila mmoja takriban dakika 90. Ndani yake kuna usingizi mwepesi, usingizi mzito, na ule wa ndoto. Usingizi mzito hujaa zaidi kwenye mizunguko ya mwanzo, na hapo ndipo mwili humwaga kiasi kikubwa cha homoni ya ukuaji. Homoni hiyo inahusika na kujenga misuli na kukarabati tishu zilizochakaa. Mizunguko ya mwisho huwa na ndoto nyingi zaidi, nayo husaidia ubongo kupanga kumbukumbu na stadi za mikono. Kwa hiyo anayelala saa 4 tu hupata sehemu nzuri ya usingizi mzito, ila zile saa za mwisho anazikosa zote. Na anayeamshwa kila nusu saa hata akikaa kitandani saa 8 huwa anakosa vyote viwili.

Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi katika kila saa 24. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania kule Marekani walichapisha matokeo ya watu waliolazwa saa 6 tu kila usiku kwa wiki mbili. Umakini wao ulishuka hadi kufanana na wa mtu aliyekesha usiku mzima bila kulala kabisa, na katika baadhi ya vipimo usiku mbili. La kutisha ni kwamba wenyewe walijiona wako sawa. Ndiyo maana ukimwambia mtu "umechoka" anakukatalia kwa moyo wote. Kipimo chake cha uchovu nacho kimechoka.

Kwenye misuli, utafiti wa Australia uliotoka 2021 ulionyesha kuwa kukesha usiku mmoja tu bila kulala kunapunguza utengenezaji wa protini ya misuli kwa asilimia 18. Testosteroni ya vijana wa kiume waliolala saa 5 tu kila usiku kwa wiki moja ilishuka asilimia 10 hadi 15. Na kinga je? Watu 164 waliwekewa virusi vya mafua puani makusudi, kisha wakafuatiliwa. Waliokuwa wakilala chini ya saa 6 walikuwa na uwezekano zaidi ya mara 4 wa kuugua kuliko waliolala zaidi ya saa 7. Kidonda cha kamba mkononi, mgongo unaouma, mafua yasiyoisha: vyote vinadai usingizi kwanza.

Ratiba ninayopendekeza kwa anayeingia majini saa 11 jioni na kutua saa 12 na nusu asubuhi ni hii:

- Uzaji na hesabu viishe kabla ya saa 2. Mmoja wa kundi abaki na nyavu kwa zamu, wengine waende nyumbani.
- Kipande cha kwanza: saa 2:30 asubuhi hadi saa 7 mchana. Hapo unapata mizunguko mitatu. Hiki hakiguswi. Si cha kuamshwa na mgeni, wala simu ya mteja wa dagaa.
- Kipande cha pili: saa 8:30 hadi saa 10:30 alasiri.
- Kinachobaki ili zitimie saa 7 za usingizi, nusu saa hivi, kipatikane majini kwa zamu. Nitakirudia kikiulizwa, maana kina hatari zake.

Karibuni kwa maswali na marekebisho.

---

Binti_Katonga

Uzi wa maana huu, kaka Karabai. Sasa swali la wengi: nyumba ni ya bati, haina dari, saa 5 ndani ni tanuri. Watoto wanacheza mlangoni, jirani ana redio, mashine ya kusaga iko hatua ishirini. Hicho kipande cha kwanza kinalindwaje?

---

Karabai_Mwaloni

Dada Binti, umegusa penyewe. Mwili ili uzame usingizini lazima joto lake la ndani lishuke kidogo, karibu nyuzi 1. Chumba chenye joto kinauzuia, ndiyo maana mtu anajigeuza-geuza jasho likimtoka na akiamka anahisi kama hakulala. Kwa hiyo joto lishughulikiwe kabla ya kelele.

Kwanza chagua chumba. Asubuhi jua linapiga ukuta wa mashariki, basi anayelala asubuhi alale chumba cha upande wa magharibi. Mchana mambo yanageuka, na ndiyo sababu kipande cha pili kiwe nje, chini ya mwembe wenye kivuli kizito, mkeka na chandarua kikiwa kimening'inizwa kwenye tawi.

Pili, bati. Dari la gunia au mkeka lililowekwa sentimita 30 chini ya bati, na ncha mbili zikaachwa wazi hewa ipite, linapunguza joto linaloshuka kichwani. Bati lililopakwa chokaa nyeupe juu nalo linarudisha sehemu kubwa ya jua, ila mvua za masika huiosha, kwa hiyo hupakwa upya kila kiangazi.

Tatu, dirisha. Watu wanaziba kwa blanketi zito kuanzia juu hadi chini, wanapata giza lakini wanajinyima hewa. Tundika kitenge cheusi au kanga mbili zilizokunjwa, kikae mbali na dirisha kwa upana wa kiganja, juu na chini paachwe wazi. Kama upepo wa ziwa unaingia, lowanisha kitambaa, kamua, kisha kitundike. Maji yakikauka yanaondoka na joto. Siku isiyo na upepo usifanye hivyo, utaongeza unyevu chumbani bure.

Macho yafungwe kwa kitambaa cheusi cha pamba. Mwanga hata ukipita kope unaiambia saa ya mwili kwamba kumekucha.

Kelele: viziba masikio vya sponji kutoka duka la dawa. Kivingirishe kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, kiingize, kishikilie kwa kidole nusu dakika hadi kitanuke. Wengi wanakipachika mlangoni mwa sikio halafu wanasema hakifanyi kazi. Pamba kavu haizuii sauti ya maana, na vipande vyake vinaweza kubaki ndani.

Na chandarua chenye dawa ni lazima hata mchana. Kigoma na Tabora zimo katika mikoa yenye malaria nyingi zaidi nchini, na homa moja inakula usingizi wa wiki nzima.

Kuhusu watoto na jirani, hapo hakuna kifaa. Ni makubaliano. Nyumba nzima ijue saa hizo baba au kaka yuko kazini, kazi yenyewe ni kulala. Kitambaa chekundu mlangoni kinatosha kumwambia mgeni arudi saa 7.

---

Nesi_wa_Zamu

Naongeza ya afya, mkuu.

Kahawa, chai na vinywaji vya kuongeza nguvu. Kafeini hubaki mwilini muda mrefu: kwa wastani huchukua saa 5 hivi nusu yake kuondoka, na kwa wengine zaidi. Kuna jaribio lililoonyesha kwamba miligramu 400 zikinywewa saa 6 kabla ya kulala zinakata zaidi ya saa nzima ya usingizi. Kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu huwa na takriban miligramu 80. Anayelala saa 2:30 asubuhi aweke kikombe cha mwisho saa 7 usiku, mwisho saa 8. Kile kikopo cha saa 11 alfajiri "cha kumalizia kazi" ndicho kinachomfanya akodoe macho kitandani.

Pombe ya kuvuta usingizi. Inakulaza haraka kweli, lakini ikianza kuvunjwa mwilini inakuamsha katikati, inapunguza usingizi wa ndoto, inaongeza kukojoa na inalegeza koo, koromo linazidi. Ukipiga hesabu unapata hasara.

Vidonge vya mafua vinavyosinzisha, watu wanavimeza ili walale. Tafadhali acheni. Vinaleta uzito wa kichwa unaoendelea hadi jioni, na mtu anapanda mtumbwi akiwa mzito. Mwili pia unavizoea upesi.

Chakula: ugali mkubwa na mchuzi wa mawese ukiulalia palepale, kiungulia kitakuamsha. Asubuhi kula chepesi, uji na dagaa kidogo, kisha mlo mkubwa uwe saa 7 ukiamka. Usilale na njaa pia. Gramu 50 za dagaa wakavu zina protini ya karibu gramu 25 hadi 30, na protini hiyo ikiwa tumboni mtu akiwa amelala, misuli inaitumia kujijenga. Chumvi tu ipunguzwe, maana itakuamsha kwa kiu.

Sasa la hospitali. Mtu anakoroma kwa nguvu, kisha kimya sekunde 10 au zaidi, kisha anashtuka kama anayepaliwa, na hilo linajirudia. Mchana anasinzia hata akiongea na watu. Hiyo ni hali ya pumzi kukatika usingizini, koo linaziba. Inapandisha shinikizo la damu na inachosha moyo. Mwenza anayelala naye ndiye shahidi, mgonjwa mwenyewe hajui. Akapime shinikizo la damu na amweleze daktari hivyohivyo, hospitali ya Maweni au kituo cha karibu. Wakati akisubiri, alale ubavu, aache pombe kabisa na apunguze uzito kama umezidi.

---

Mnyamwezi_Urambo

Wakuu wa ziwani, huku Tabora kwetu kuna kukesha kwa aina nyingine: kuchochea moto wa bani, yaani banda la kukaushia tumbaku. Jani linaanza kwenye nyuzi 38 hivi ligeuke njano, moto unapandishwa taratibu hadi karibu nyuzi 70 kukausha kikonyo, na kazi yote inachukua siku 5 hadi 7. Moto ukizimika jani linaharibika, ukizidi linaungua. Kwa hiyo mtu anaamka kila saa moja kuangalia. Wiki nzima! Hapo ushauri ni upi?

---

Karabai_Mwaloni

Mnyamwezi, karibu sana. Kuamka kila saa ndiko kubaya kuliko kulala kidogo kwa mfululizo. Kila ukiamka unaanza upya na usingizi mwepesi, usingizi mzito haupati nafasi ya kukaa.

Dawa ni watu wawili na zamu ndefu. Wa kwanza akae bani saa 2 usiku hadi saa 8 usiku, kisha alale hadi saa 2 asubuhi. Wa pili alale saa 2 usiku hadi saa 8 usiku, ashike moto hadi saa 2 asubuhi. Kila mmoja anapata saa 6 mfululizo, na ile moja iliyobaki aipate mchana. Msibadilishane zamu katikati ya wiki. Aliyeanza na usiku wa kwanza amalize nao.

Mambo mawili msiyapuuze. Asilale mtu mbele ya tanuru wala ndani ya kibanda kilichoshikana na bani. Moto unaoungua bila hewa ya kutosha unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, na aliyelala haamki. Pili, jani bichi lenye umande hupitisha nikotini kwenye ngozi wakati wa kuvuna na kufunga. Mtu anapata kichefuchefu, kizunguzungu, na usingizi unakataa. Mikono mirefu, glavu, na kuoga kwa sabuni kabla ya kulala.

---

Mzee_wa_Gungu

Napinga sehemu moja. Ratiba yako ni nzuri kwa siku za giza. Ikifika mbalamwezi, taa hazivuti dagaa, watu wanakaa nchi kavu karibu wiki. Kila mmoja anarudi kulala usiku kama kawaida na anasema analipa deni. Mimi naona hiyo ndiyo inayowaua. Mwezi ukififia wanaanza upya kama wageni wa kazi. Bora wabaki na ratiba ya mchana mwezi mzima.

---

Karabai_Mwaloni

Mzee wangu, shikamoo. Nakubali nusu, nakataa nusu.

Saa ya mwili ni kitu halisi, iko kwenye chembe hai zenyewe za mwili. Wanasayansi Hall, Rosbash na Young walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kueleza mitambo yake. Inasogea polepole, takriban saa moja kwa siku. Mtu akigeuza ghafla kwa saa 10 au 12, anahitaji zaidi ya wiki ili atulie, na mbalamwezi inakuwa imeisha. Hapo uko sahihi kabisa.

Kulipa deni nako hakuendi kama watu wanavyodhani. Mwaka 2019 watafiti wa Colorado walionyesha kwamba waliolala kidogo siku za kazi kisha wakajazia mwisho wa wiki hawakunusurika na madhara ya jinsi mwili unavyotumia sukari. Uchovu unapungua, madhara mengine yanabaki.

Ila kumwambia mtu mwenye familia alale mchana hata asipokuwa na kazi hakutekelezeki, na akijaribu ataishia kulala nusunusu pande zote mbili. Kwa hiyo kati na kati. Wiki ya mbalamwezi alale saa 8 usiku hadi saa 4 asubuhi. Jioni yote anakuwa na watu wake, na zile saa za asubuhi, saa 2:30 hadi saa 4, bado ni za usingizi kila siku ya mwezi. Hiyo ndiyo nanga, saa ya mwili haipotei mbali.

Siku ya kurudi majini, alale kwanza alasiri, saa 8 hadi saa 10. Usiku wa kwanza ndio wa hatari kuliko yote, maana aliyeamka asubuhi anafika alfajiri ya pili akiwa macho zaidi ya saa 20. Watafiti wa Australia walipima mwaka 1997: saa 17 za kuwa macho zinamshusha mtu utendaji sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu.

---

Mzee_wa_Gungu

Marahaba. Saa 4 asubuhi naikubali. Ongeza na jambo la mwanga, maana taa za sasa za umeme wa jua ni kali kuliko karabai za zamani.

---

Karabai_Mwaloni

Kweli, mzee. Mwanga mkali unazima melatonini, homoni inayoutangazia mwili usiku. Mwanzo wa usiku huo mwanga unasaidia kukaa macho, acha uwake. Kuanzia saa 10 usiku, anayeweza avae kofia yenye kapeo na asiitazame taa moja kwa moja. Asubuhi akitembea kwa mguu kurudi nyumbani avae miwani ya jua, ili jua la saa 1 lisiusukume mwili kwenye mchana mpya. Anayeendesha pikipiki asivae kwa lengo hilo, usingizi utamshika barabarani. Kwa kweli aliyekesha asiendeshe kabisa, apande ya mwingine.

---

Kocha_Mwanga

Kwa vijana wa mpira je? Timu nyingi za mtaa zinawaamsha saa 10 alfajiri wakimbie, shule saa 1, mazoezi jioni tena.

---

Nesi_wa_Zamu

Kocha, hilo lirekebishwe mapema. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Kuna utafiti wa Marekani wa 2014 uliokuta wanamichezo wa umri huo wanaolala chini ya saa 8 wana uwezekano mara 1.7 zaidi wa kuumia. Upande wa pili, wachezaji wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Stanford waliongezewa muda wa kulala hadi kufikia saa 10 kitandani kila usiku kwa wiki 5 hadi 7. Muda wa mbio zao fupi ulishuka kutoka sekunde 16.2 hadi 15.5, na mitupo yao ya adhabu iliongezeka usahihi kwa asilimia 9.

Ukimwamsha saa 10 unamkata saa za mwisho, zile za kupanga stadi ulizomfundisha jana. Acha mbio za alfajiri siku za shule, weka mazoezi saa 10 na nusu jioni hadi saa 12, alale saa 3 usiku, simu ibaki sebuleni. Aliyeumia nyonga au kifundo aongezewe saa moja ya kulala, na asirudishwe uwanjani kwa dawa za maumivu.

---

Binti_Katonga

Kaka Karabai ulisema ile nusu saa ya majini ina hatari. Malizia.

---

Karabai_Mwaloni

Ndiyo, dada. Kati ya kuwasha taa na kuvuta wavu kuna saa kadhaa za kusubiri dagaa wakusanyike. Hapo ndipo pa kulala kwa zamu, na masharti ni haya.

Mmoja kwa wakati, wawili wakiwa wengi. Wengine wote macho, na nahodha ndiye anayetaja zamu. Anayelala avae jaketi okozi lililofungwa vifungo vyote, alale katikati ya chombo, kamwe si ukingoni, na asiwe juu ya kamba wala wavu uliokunjwa.

Muda ni dakika 20 hadi 25, simu iwekewe kengele. Ukipita dakika 40 mtu anaingia usingizi mzito, akiamshwa hapo anakuwa kama mlevi kwa dakika 15 hadi 30: anashika kamba isiyo yake, anakanyaga hewa. Aliyeamka akae, anywe maji, ahesabiwe dakika 15 kabla hajagusa wavu. Anayetaka kahawa, kama bado hajapita saa 8 usiku, ainywe kabla ya kulala. Itaanza kufanya kazi anapoamka.

Saa 9 hadi saa 11 alfajiri mwili unakuwa chini kuliko wakati wowote. Zamu za kulala ziishe kabla, na kama kuna mvuto wa pili wa wavu unaoangukia hapo, kazi ya kamba wapewe waliolala vizuri mchana. Kusi likianza kuvuma au mawimbi yakipanda, hakuna zamu ya kulala, wote macho hadi nchi kavu.